Bustani ya Uani: Raha Zake, Adha Zake na Mizani ya Haki

Katika miji yetu ya pwani, kuanzia Mombasa hata Dar es Salaam na Unguja, limeenea shauri ambalo watu wengi wamelipokea kwa nyoyo mbili: kwamba kila mwenye nyumba, hata akiwa na ua usiozidi upana wa mikeka michache, apande mboga zake mwenyewe na kujiepusha na gharama za soko. Shauri hilo husikika redioni, huandikwa magazetini, na hupitishwa katika simu pamoja na picha za nyanya nyekundu zilizoning'inia juu ya magunia na chupa zilizokatwa. Na mkabala wake husimama ushahidi wa watu waliojaribu, wakatoa fedha kwa udongo, mbegu, mbolea na maji, wakaishia kuvuna nyanya chache zilizooza vitako. Huyu asema bustani ni akiba, yule asema ni israfu. Mmoja aiona dawa ya siha na nafsi, mwingine aiona mazalio ya mbu na chanzo cha ugomvi na jirani. Kila mmoja ana hoja, na kwa kuwa kila mmoja huizungumzia bustani kana kwamba bustani zote ni moja, msikilizaji huondoka na mashaka zaidi ya yale aliyokuja nayo.

Makala haya yakusudia kuyapambanua mashaka hayo. Yataanza na asili ya jambo lenyewe, kwa sababu sehemu kubwa ya mkanganyiko tulio nao ni urithi. Kisha yatazipima rai zinazoshindana, na kukaa zaidi penye maji, udongo na wadudu, maana ndipo matumaini ya wengi yanapovunjika.

Asili ya jambo

Mmea karibu na mlango si mgeni katika pwani hii. Ua wa nyumba ya Kiswahili, penye jiko na mitungi ya maji, ulikuwa tangu zamani na mndimu au mpapai, kichaka cha pilipili, mchaichai wa kutia katika chai, mrehani na asmini kwa ajili ya manukato, na pengine mti wa kisamvu mpira ambao majani yake huchumwa mwaka baada ya mwaka bila ya mtu kuupalilia. Hakuna aliyeuliza kama ua huo ulikuwa ukiilisha nyumba. Shamba ndilo lililolisha, na kazi ya ua ilikuwa kukikoleza chakula kilichotoka shambani. Tafauti hii baina ya kulisha na kukoleza naomba msomaji aishike, kwani kupotea kwake ndiko kulikozaa ubishi wa leo.

Serikali za kikoloni ziliutazama mmea wa mjini kwa shaka. Sheria ndogo za miji kadha ya Afrika Mashariki zilikataza mimea mirefu, hususan mahindi, kwa hoja mbili: kwamba yalificha wezi, na kwamba yalizalisha mbu wa malaria. Hoja ya pili haikuwa na nguvu, maana mbu waenezao malaria katika nchi zetu hutaga zaidi katika vidimbwi vya ardhini vilivyo wazi kwa jua kuliko katika makwapa ya majani ya mhindi. Walakini woga huo umeishi kuliko serikali zilizouzaa, na hadi leo wako wenye nyumba wanaokataza mahindi uani kwa sababu hiyo hiyo, ilhali pipa la maji lisilo na kifuniko limesimama hatua tatu kutoka dirishani mwao.

Baada ya uhuru mambo yaligeuka. Mwaka 1972, mjini Iringa, Tanzania ilitangaza kwamba siasa ni kilimo. Ukame wa mwaka 1973 na 1974 ulipoyakausha maghala, ulifuata mwito wa Kilimo cha Kufa na Kupona, na hata wakazi wa mijini wakahimizwa kulima kila kipande cha ardhi kilicho wazi. Miaka ya 1980, mishahara ilipopoteza thamani na maduka yalipobaki matupu, watumishi wa serikali walipanda mchicha na kufuga ng'ombe nyuma ya nyumba zao katika vitongoji vya Dar es Salaam, na walifanya hivyo kwa dharura kuliko kwa mapenzi. Kanuni za mwaka 1992 zilikikubali kilimo cha mijini kwa masharti, mojawapo likiwa kwamba mtu mmoja asitumie zaidi ya ekari tatu. Kenya nayo ilipita njia inayofanana: baada ya machafuko yaliyofuata uchaguzi wa mwisho wa mwaka 2007, mboga zilioteshwa katika magunia mtaani Kibera kwa ajili ya familia zilizokosa riziki, Kaunti ya Nairobi ikatunga sheria ya kuendeleza na kusimamia kilimo cha mjini mwaka 2015, na mwaka 2020, wakati wa maradhi ya korona, Wizara ya Kilimo ilianzisha mpango wa bustani za jikoni milioni moja. Rwanda imezihimiza bustani kama hizo vijijini kwa miaka mingi ili kupambana na utapiamlo wa watoto.

Ukiyapanga matukio haya kwa taratibu yake, utaona kwamba sauti ya serikali katika jambo hili husikika zaidi wakati wa njaa, machafuko au maradhi. Ndiyo maana tumezoea kuiuliza bustani swali moja tu, nalo ni kama yaweza kutulisha. Swali hilo ni halali, lakini halikutoka uani. Lilitoka katika ofisi zilizokuwa na hofu ya uhaba, nasi tumelirithi katika zama ambazo magenge yamejaa mboga.

Hesabu ya kapu

Wanaoitetea bustani kwa hoja ya uchumi husema kwamba familia hununua mboga kila siku, na kila fungu lililochumwa nyumbani ni fedha iliyobaki mkononi. Msingi wa hoja hii ni wa kweli, lakini kiasi chake hakitajwi, na kiasi ndicho cha kutazamwa. Shirika la Afya Duniani hushauri mtu ale angalau gramu 400 za mboga na matunda kwa siku. Nyumba ya watu watano, ikilifuata shauri hilo, yahitaji kilo mbili kwa siku, yaani kilo 60 kwa mwezi. Sasa chukua tuta la mchicha lenye upana wa mita moja na urefu wa mita tano, ambalo ndilo linaloweza kuenea katika ua wa kawaida. Mchicha huwa tayari kwa wiki tatu au nne tangu kusiwa mbegu, na tuta lililotunzwa vyema laweza kutoa kilo moja au mbili kwa kila mita ya mraba. Basi mavuno ya mwezi ni kilo tano hadi kumi, yaani sehemu ya kumi na mbili, au kwa bahati njema sehemu ya sita, ya kile kinachohitajiwa. Anayetarajia kuacha kwenda gengeni kwa sababu ya tuta moja amejiandalia huzuni.

Hata hivyo, hesabu hiyo haiifuti hoja yote. Kuna vitu ambavyo jiko la pwani huvihitaji kila siku kwa uchache mno: pilipili mbili, ndimu moja, jani la mchaichai, kitawi cha giligilani, majani ya mnanaa. Vitu hivyo hununuliwa kwa rejareja, aghalabu kwa bei kubwa kuliko uzito wake, na nusu yake hunyauka kabla ya kutumika. Mpilipili mmoja na mndimu mmoja hukidhi haja ya nyumba kwa muda mrefu, kwa gharama ndogo ambayo hulipwa mara moja. Kadhalika matembele: shina lililobaki baada ya kuchambuliwa majani, likichomekwa katika udongo wenye unyevu, hushika na kuchipua, na mpishi akawa amepata mbegu bila ya kuinunua. Hapa bustani yaokoa fedha kweli, na yaokoa kwa sababu imerudi katika kazi yake ya zamani ya kukoleza.

Hoja ya wenye kuliamini soko

Wanaosema kwamba soko latosha hawastahili kuitwa wavivu, maana hoja yao ni nzito. Mkulima wa Lushoto au wa milima ya Uluguru ana baridi, ana mvua, ana ujuzi aliourithi, naye hulima kabichi na karoti kwa wingi ambao mwenye ua wa Temeke au Kisauni hawezi kuukaribia. Kushindana naye katika mazao yake ni kupoteza maji na wakati. Zaidi ya hayo, kuna jambo la majira ambalo wahimizaji wa bustani hulipita kimya. Mvua za masika, toka Machi hata Mei, na za vuli, toka Oktoba hata Disemba, huyastawisha mashamba yote kwa pamoja. Kwa hiyo siku ambazo uani kwako mchicha umefurika ndizo siku ambazo gengeni fungu lake ni rahisi kuliko wakati wowote. Yakija majuma ya ukavu na mboga ikapanda bei, ndipo uani nako maji yanapokuwa adimu. Bustani isiyo na maji ya akiba huzaa wakati thamani ya mazao yake iko chini, na hukauka wakati thamani hiyo iko juu. Sijui hoja yenye nguvu zaidi ya hii dhidi ya dhana ya akiba, na yeyote anayewahimiza watu walime uani bila ya kuijibu hajawatendea insafu.

Udhaifu wa rai hii ni kwamba hulipima soko kwa bei peke yake. Mchicha uliokatwa alfajiri bondeni, ukapakiwa katika tenga, ukanyunyiziwa maji njiani na kuuzwa jioni, umepoteza ladha na sehemu ya vitamini zake. Aidha mnunuzi hajui dawa gani ilipulizwa wala siku ngapi zilipita baina ya dawa na kisu. Kuhusu Dar es Salaam yako mashaka makubwa zaidi: wanazuoni waliozichunguza mboga za bonde la Mto Msimbazi wamekuta zaidi ya mara moja madini mazito, kama vile risasi, kutokana na maji machafu ya viwanda na ya mji. Hilo halina maana kwamba mboga zote za soko ni sumu, kama wanavyotangaza watu wenye haraka. Lina maana kwamba mnunuzi hana njia ya kuzitenga mboga za bondeni na zile zilizotoka mahali salama, na kutoweza huko kuna gharama yake, hata kama haiandikwi katika ankara.

Sababu za adha

Sasa tuje katika moyo wa jambo. Watu wengi walioacha kulima uani hujilaumu kwa kukosa mkono mwema, na majirani huwathibitishia lawama hiyo. Mimi naona kwamba katika kesi nyingi kosa lilikuwa limetendeka kabla ya mbegu kufika ardhini, nalo latokana na sababu ambazo zaweza kutajwa na kupimwa.

Ya kwanza ni maji. Katika joto la pwani tuta la mboga hupoteza takriban lita nne au tano kwa kila mita ya mraba kwa siku isiyo na mvua. Tuta letu la mita tano za mraba, basi, lataka lita 20 hadi 25, yaani dumu moja au zaidi kidogo, kila siku. Na kwa mwezi, madumu 30 kwa uchache. Anayenunua maji kwa mchuuzi wa mkokoteni na azidishe bei ya dumu mara 30, kisha ailinganishe na bei ya kilo tano hadi kumi za mchicha. Aghalabu ataona kwamba amenunua mboga ghali kuliko zote mjini. Anayepata maji ya bomba kwa zamu ana taabu nyingine, ya kuchagua baina ya mche na nguo za watoto. Na anayetegemea kisima kilichochimbwa karibu na bahari hukuta kingo za majani zikiungua na kuwa kahawia, akadhani ni maradhi, kumbe ni chumvi. Spinachi huivumilia kwa kiasi, maharage huyashinda kabisa. Njia ya kutoka ipo, nayo ni paa: mvua ya milimita kumi ikinyesha juu ya bati la mita za mraba 50 huleta lita 500, ukiondoa kiasi kidogo kinachopotea. Lakini mifereji na tangi vyataka fedha ya kuanzia, ambayo ndiyo asiyokuwa nayo yule anayehitaji zaidi akiba ya mboga.

Ya pili ni udongo. Sehemu kubwa ya Dar es Salaam imekaa juu ya mchanga, ambao huyapitisha maji na rutuba kwa kasi moja. Viwanja vingi vya Mombasa na Unguja vina mwamba wa matumbawe shubiri chache chini ya uso. Na nyumba nyingi mpya zina ua uliojazwa kifusi chenye saruji, ambacho huugeuza udongo kuwa mkali kwa mizizi. Mtu akichimba, akapanda na kumwagilia katika ardhi kama hiyo, bidii yake yaingia katika kitu kisichoweza kuihifadhi. Udongo wa uani lazima utengenezwe kwanza, kwa mboji iliyooza sawasawa, ambayo huchukua miezi miwili au mitatu kuiva, na kwa matandazo ya majani makavu yanayouzuia unyevu usipae. Wenye pupa hutia samadi mbichi, nayo huunguza mizizi na kuleta mbegu za magugu. Kisha husema mbolea ya asili haifai.

Ya tatu ni uchaguzi wa mmea, na hapa ndipo nyanya inapostahili kutajwa kwa jina. Nyanya ndiyo mmea unaotamaniwa na kila anayeanza, nayo ndiyo imewakatisha tamaa wengi kuliko mmea mwingine wowote. Yataka miezi mitatu ya uangalizi, yataka kufungwa katika miti, yataka kupogolewa, na haisamehi maji yanayokuja leo na kukosekana kesho: kitako cheusi, ambacho wengi hukipulizia dawa za wadudu, hutokea pale tunda linapokosa kalisi kwa sababu ya mwagilio usio na mpango. Katika miezi ya joto la kaskazi, usiku unapokosa ubaridi, maua yake hudondoka bila ya kushika tunda. Na tangu mwaka 2014 ameingia katika nchi hizi nondo kutoka Amerika ya Kusini, ambaye wakulima wa Tanzania humwita kantangaze. Viwavi wake hutoboa jani na tunda, na wamewashinda hata wakulima wenye vifaa kamili. Kumpa anayeanza mbegu ya nyanya na kumwambia kwamba kulima uani ni rahisi ni kumdanganya, ijapokuwa nia ni njema. Kadhalika mbegu za kabichi na karoti zinauzwa katika pakiti zenye picha za kupendeza, na pakiti haisemi kwamba picha hizo zilipigwa penye baridi.

Ya nne ni viumbe wengine wanaotaka kile kile tunachokitaka. Mwenye kitalu hutoka asubuhi akakuta miche iliyokuwa imesimama jioni imelala chini, imekatwa sawa na uso wa ardhi kama kwa wembe, na majani yake bado mabichi. Akifukua kwa kidole kando ya shina, humkuta sota, kiwavi mnene wa rangi ya udongo, amejikunja duara na kutulia mpaka usiku urudi. Siku nyingine miche huanguka kwa sababu isiyoonekana, shina limekuwa laini kwenye shingo: hiyo ni kinyaushi, maradhi ya ukungu yanayopenda kitalu kilichobanana na kulowa mno. Wako vidukari chini ya majani, yuko konokono mkubwa wa mvua, ambaye asili yake ni pwani yetu hii hii, na wako kuku wa jirani, ambao kwa robo saa hupekua kazi ya mwezi mzima na hawawezi kushitakiwa bila ya kuvunja ujirani. Dhidi ya hao kuna hila za kale zenye manufaa: jivu, maji ya majani au mbegu za mwarobaini, kuokota konokono kwa mkono baada ya magharibi, ua wa makuti au wavu. Hakuna hila kati ya hizo inayofanya kazi kwa siku moja, na wanaozisifu kuwa ni tiba kamili huongeza idadi ya waliokata tamaa.

Siha: ahadi na mipaka yake

Wenye rai ya siha wana sehemu ya haki iliyo wazi. Mchicha, matembele, mnavu na majani ya mlonge yana madini ya chuma na asili ya vitamini A, na yakipikwa kwa tui la nazi, kama pwani ilivyozoea, mafuta ya nazi huusaidia mwili kuipokea vitamini hiyo. Mboga iliyo hatua kumi kutoka jikoni huliwa mara nyingi zaidi, na hilo si dogo. Lakini ahadi kwamba bustani itaondoa udumavu wa watoto imetangulia mbele ya ushahidi: mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2012 katika jarida la utabibu la BMJ yalionyesha kwamba miradi ya namna hii huongeza ulaji wa vyakula vilivyopandwa, ilhali dalili za kubadilika kwa hali ya lishe ya watoto zilikuwa hafifu. Mtoto hukua kwa maji safi, tiba, protini na wasaa wa mama pia. Tena bustani ina hatari zake: visahani vya maji chini ya vyungu na madumu yaliyo wazi ni mazalio ya mbu wa homa ya dengue, maradhi yaliyoitikisa Dar es Salaam mwaka 2014 na tena 2019, na udongo ulio kando ya gereji au ukuta wenye rangi kuukuu waweza kuwa na risasi nyingi kuliko bonde tunalolikimbia. Tahadhari ni nyepesi, yaani kuvifunika vyombo na kuchagua udongo, lakini lazima isemwe.

Raha isiyohesabiwa

Wachambuzi wengi huiacha furaha mpaka mwisho, wakaitaja kwa sentensi moja kama kifuta machozi cha hesabu iliyoshindwa. Kwangu mimi furaha ni hoja kamili, na ni kongwe kuliko hoja ya akiba. Mwanamke wa Unguja aliyepanda asmini mlangoni hakuwa akingojea faida ya sokoni. Tumba za asmini huchumwa alasiri, zikiwa bado zimefumba na nyeupe kama punje za mchele, hutungwa kwa uzi na kuvaliwa nywelani; usiku unapoingia hufumbuka zote kwa pamoja, na chumba kizima kikajaa harufu. Pamoja na majani ya mrehani na mkadi huingia katika kikuba cha bibi arusi. Katika zama zilizopita, hata wageni walishikwa na mapenzi hayo: John Kirk, balozi wa Uingereza Unguja, alistawisha huko Mbweni mimea aliyoikusanya kutoka nchi nyingi.

Raha ya bustani ina sababu zake, na zaweza kuelezwa. Kazi nyingi za mjini hazina mwisho unaoonekana kwa macho. Karani hupeleka karatasi mbele, dereva hurudi pale alipoanzia. Mche hujibu. Mzee aliyestaafu hupata saa mbili za asubuhi zenye maana, na mtoto aliyesia mbegu ya mchicha akaiona ikichomoza siku ya nne au ya tano amejifunza subira kwa njia ambayo hakuna darasa linaloweza kuiga. Tena mimea huunganisha watu: kipando cha mrehani, tawi la kisamvu mpira, mbegu za mlenda zilizofungwa katika kitambaa hupita ukuta baina ya jirani na jirani bila ya kuuliziwa bei, na pale vinapopita ugomvi wa kuku hupoa upesi. Udhaifu wa furaha kama hoja ni kwamba haiwezi kuamrishwa. Aliyelazimishwa kulima, na mwajiri au na kampeni, hapati kitu katika hayo. Hubakiwa na dumu la maji na mgongo unaouma.

Mikono ya nani, ardhi ya nani

Hili huzungumzwa kidogo kuliko yote, nami naliona kubwa. Inaposemwa kwamba familia ilime uani, familia haishiki jembe. Hushika mtu mmoja, na mtu huyo mara nyingi ni mama, au msichana wa kazi ambaye siku yake tayari imejaa. Dumu moja la maji kila siku, palizi, kuchuma na kuwinga kuku ni kama saa moja ya kazi, na kama saa hiyo ilikuwa ya kupumzika au ya biashara ndogo, basi akiba ya bustani imelipwa na mtu ambaye hakuulizwa. Bustani inayosifiwa na baba sebuleni na kumwagiliwa na mwingine alfajiri haina haki ya kuitwa akiba ya nyumba.

Kisha kuna ardhi. Sehemu kubwa ya wakazi wa miji yetu ni wapangaji, wengi wao katika nyumba za vyumba sita zenye ua mmoja unaotumiwa na wote kwa kufulia, kupikia na kuanikia. Mpapai huzaa baada ya miezi tisa hadi kumi na miwili. Mndimu hungojea miaka. Mtu asiyejua kama atakuwapo mwakani hapandi miti, na aghalabu hata mboji haitengenezi, kwa kuwa anamnenepeshea mwingine udongo. Hivyo mimea yenye faida ya kudumu kwa gharama ndogo, ambayo ndiyo mimea hasa ya uani, imefungwa kwa wasiokuwa na yakini ya makazi, nao huachiwa magunia na vyombo vinavyokauka upesi na kutaka maji mengi zaidi. Wanaowahubiria wapangaji kulima bila ya kulitaja hili wanawapa lawama badala ya msaada.

Mizani

Mwenye nyumba yake, mwenye paa linaloweza kuvuna mvua na ua usiopungua mita kumi za mraba, na mwenye mtu nyumbani anayependa kazi hiyo kwa hiari, ana kila sababu ya kulima. Kwanza miti ya kudumu kama mndimu, mlonge na kisamvu mpira, kisha majani yanayostahimili joto kama matembele, mchicha na mnavu, kisha viungo, na nyanya baadaye kabisa, wakati wa kipupwe, akishajua tabia ya udongo wake. Atakula mboga mbichi, atapunguza safari za gengeni, na hatapungukiwa. Mwenye ua mdogo na maji ya kununua na apande viungo na maua tu, katika vyombo vitatu au vinne, bila ya kuona haya kwamba hajilishi. Faida yake iko katika ladha na harufu, nayo ni faida kamili. Na aliye kazini toka alfajiri hata usiku, mwenye chumba cha kupanga na maji ya foleni, hana deni lolote kwa yeyote akinunua mboga zake gengeni, na raha ya bustani isitumiwe kumwaibisha.

Hoja ya soko, basi, imeshinda katika swali la kulisha, na hoja ya uani imeshinda katika swali la kukoleza, la ubichi na la nafsi. Kinachobaki ni kwa halmashauri za miji. Mipango ya kuhimiza bustani huanza na kugawa mbegu, kwa sababu mbegu ni rahisi kununua na hupendeza kupigiwa picha. Na mbegu ndicho kitu ambacho mwenye ua anakihitaji kwa uchache zaidi, maadam shina la matembele halina bei. Fedha ile ile, ikiwekwa katika mifereji ya bati na tangi la lita 1,000 la pamoja kwa nyumba ya wapangaji sita, na katika kanuni inayomruhusu mpangaji kudai thamani ya mti alioupanda kwa idhini ya mwenye nyumba, ingeondoa adha mbili kubwa kuliko zote zilizotajwa hapa, na ingewaachia watu wenyewe kuamua kama wanataka mchicha au asmini.